Hatua ya Ishirini na Saba

Kwa miaka tisa mwalimu yule wa hesabu chuoni alikuwa akirusha sarafu isiyokuwepo. Dada yake mkubwa, mshonaji aliyeishi naye nyumba moja, alipotaka kujua ni kazi gani hiyo isiyokwisha, alimweleza hivi: unasimama kwenye mstari, unarusha sarafu. Ikilala upande huu, unasogea kulia. Upande ule, kushoto. Ila kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia, kwa kiwango kilekile. Ukirusha bila kikomo, utaishia wapi? Kwa viwango vingine, miishio hutawanyika kama unga uliochekechwa. Kwa vingine hujirundika mabonge mabonge, hasa pale njia mbili tofauti zinapofika mahali pamoja kabisa.

"Na kiwango chako wewe?"

"Hakuna anayejua, dada."

"Basi utazeeka nacho," akacheka, akakata uzi kwa meno.

Asubuhi moja kompyuta ikatoa jibu: katika hatua ya ishirini na saba, kati ya njia zaidi ya milioni mia moja na thelathini, mbili zimekutana, yaani kiwango chake ni cha mabonge. Mwalimu alisimama, akaketi, akasimama tena. Akaandika makala, jarida likaikubali. Mkuu wa idara akabandika picha yake ubaoni. Dada naye hakuweza kufunga mdomo. Mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno aliondoka amesomeshwa habari za sarafu.

Wiki ya tatu, mwenzake wa ofisi ya jirani, ambaye wote walimwita Desimali kwa ubishi wake wa tarakimu, alisimama mlangoni.

"Samahani, mwalimu. Ulihesabu kwa namba zisizokatwa tarakimu, au kwa desimali za mashine?"

Mwalimu akageukia kompyuta. Mashine yake ilishika tarakimu kumi na sita tu, zilizobaki iliziacha.

Alirudia kazi yote kwa namba zisizokatwa. Siku nne alikaa chumba cha kompyuta akisikiliza feni. Jibu likaja: njia zile zilipishana kwenye tarakimu ya kumi na saba. Hazikuwa zimekutana. Zilikuwa jirani tu.

Hakukata tamaa papo hapo. Akajaribu hatua ya ishirini na nane, ya ishirini na tisa, lakini kila hatua iliongeza kazi maradufu, na kwenye ya thelathini na tatu mashine ikaishiwa kumbukumbu, ikazima. Huenda njia zingekutana kwenye hatua ya arobaini. Huenda zisingekutana kamwe. Hakuwa na namna ya kujua.

Akaliandikia jarida liiondoe makala. Akamwomba mkuu aitoe picha.

"Iache tu mpaka muhula uishe," mkuu akasema bila kumtazama. "Ubao utaonekana mtupu."

Nyumbani, dada alisimamisha cherehani. "Si useme tu mashine ndiyo iliyokosea?"

"Haikukosea. Mimi ndiye niliyeiuliza vibaya."

"Sasa utafanyaje, mdogo wangu?"

Mwalimu alitazama vitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Dada akasogeza kiti, akaketi karibu naye, mkono begani. Wakakaa hivyo mpaka mteja akabisha hodi.