Vita Ambavyo Keren Hakuvikimbia

Katika mwaka wake wa mwisho wa sekondari, Keren Nday alikaa wiki sita akipima lifti. Familia yake iliishi Koekelberg, mtaa wa Brussels, kwenye ghorofa ya nne ya jengo lenye ghorofa tisa, na lifti ya jengo hilo ilikuwa na kichwa kigumu. Asubuhi, watu wa juu walipotaka kushuka kwenda kazini, ilikuwa imelala chini. Jioni, watu waliporudi na mifuko ya sokoni, ilikuwa imeganda ghorofa ya saba. Siku nyingine haikutembea kabisa. Maman Cécile, mjane kutoka Bukavu aliyeishi ghorofa ya nane na aliyekuwa amepasuliwa goti, aliweza kukaa siku nne bila kuona barabara.

Wapangaji walikuwa wamemwandikia msimamizi wa jengo barua nne. Alijibu moja tu, akasema lifti imekaguliwa na ni nzima. Keren hakuandika ya tano. Kila alipotoka shule alikaa kwenye ngazi na daftari, akaandika kila safari: imeitwa kutoka wapi, imechukua sekunde ngapi, mlango umejaribu kufunga mara ngapi. Alipofikisha safari mia sita na kumi alichora jedwali, akaonyesha kwamba tatizo lilikuwa mlango wa ghorofa ya saba, akampelekea msimamizi na nakala akaipeleka komuni, yaani serikali ya mtaa. Wiki moja kabla ya Noeli fundi alikuja. Alibadilisha kifaa cha mlango na kuipanga lifti isubiri juu asubuhi na chini jioni.

Ukaidi huo aliurithi. Baba yake, papa Mukendi, alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha shaba Likasi kabla ya kuja Ubelgiji kwa mafunzo na kubaki. Sasa alitengeneza lifti za minara ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Keren alipokuwa mwaka wa tatu, walimu walikaa kikao wakaamua kwamba msichana huyu angefaa zaidi katika shule ya ufundi wa mikono. Papa Mukendi alikwenda shuleni na nguo zake za kazi, akaomba mtu amsomee alama za binti yake za hesabu, kwa sauti. Mwalimu alisoma: kumi na saba juu ya ishirini. Papa Mukendi alisema asante, akaendelea kukaa kwenye kiti mpaka karatasi ya uamuzi ilipoandikwa upya.

Keren alitaka uhandisi. Lakini mwaka huo alisikia habari za chuo kimoja cha Uholanzi, chenye madarasa madogo, ambako mtu aliweza kusoma hesabu pamoja na mambo mengine mengi kwa Kiingereza. Kilimvutia sana. Kuingia kulihitaji alama nzuri na insha ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, na kwa nini unataka kuja kwetu.

Mtaani palikuwa na shirika dogo la kujitolea lililosaidia vijana na maombi kama hayo. Huko alipokelewa na Monsieur Hervé, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mtu mpole aliyeleta biskuti kila Jumatano na kukumbuka jina la kila mtoto. Keren alimpa insha yake juu ya lifti. Aliisoma mara mbili, kisha akamuuliza taratibu yeye mwenyewe yuko wapi ndani yake. Alimweleza kwamba chuo kinapokea mamia ya insha, na kwamba wanaozisoma wanataka kuguswa. Akamuuliza ametoka wapi. Keren alisema Kongo, na Monsieur Hervé akatikisa kichwa kama mtu anayetoa pole msibani.

Keren alimfafanulia. Alizaliwa Likasi. Aliondoka akiwa na miaka sita, kwa ndege kutoka Lubumbashi, na jambo baya lililompata njiani ni kwamba alitapika juu ya koti jipya la mama yake. Vita vilikuwa mashariki, mbali na kwao. Monsieur Hervé alisema watu wa chuo hawatajua tofauti ya Lubumbashi na Goma.

"Basi wajifunze," Keren alimjibu.

Mzee alicheka, akakubali kurekebisha Kiingereza tu.

Siku ya mwisho ya kupeleka maombi, tovuti ilikuwa ifungwe saa kumi alasiri. Insha iliyorekebishwa ilimfikia saa tisa na dakika ishirini, akiwa maktaba ya shule, kompyuta mbili tu zikifanya kazi na watu watano wakisubiri. Aliipakia bila kuisoma, akabonyeza, akampisha mwingine. Hilo lilikuwa kosa lake, na hajawahi kulikana.

Aliisoma siku mbili baadaye, mezani jikoni. Lifti ilikuwepo, lakini ilikuwa imesukumwa hadi aya ya mwisho. Juu yake palikuwa na msichana mdogo aliyeamshwa na milio ya risasi. Palikuwa na mama aliyembeba mgongoni akivuka msitu kwa siku tisa. Palikuwa na mtoto mwingine aliyebaki njiani. Kiingereza kilikuwa kizuri sana. Chini kabisa palikuwa na jina: Keren Nday.

Mama yake, Sidonie, msaidizi wa wauguzi katika hospitali kubwa ya Jette, alirudi kazini akamkuta bado ameshika karatasi. Keren alimtafsiria yote. Maman Sidonie alivua viatu, akakaa, akafikiri kwanza.

"Bon. Ilishaenda?"

"Ilishaenda, maman."

"Alors, wacha. Bazungu banapenda histoire ya vile. Ukisema ni bongo, hapana ya kweli, batakuona we njo mubaya, hapana yeye. Ingia kwanza. Utasema ukweli nyuma."

Keren alijibu kwamba yule mama wa msituni aliandikwa kuwa ni yeye, Sidonie, ambaye hajawahi kulala msituni hata usiku mmoja. Mama yake alisema ameshaitwa majina mengi katika nchi hii na hilo halikuwa baya kuliko yote. Hakusema kwa mzaha. Alikuwa amechoka, na alimtakia mwanawe mlango, wowote ule utakaofunguka.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Keren hakuweza kuliacha. Msitu, siku tisa, mtoto aliyebaki njiani: habari za namna hiyo hakuzisikia kwa Monsieur Hervé mara ya kwanza. Kipande kwa kipande, kwa miaka, alikuwa amezisikia ghorofa ya nane. Kesho yake alasiri alipanda kwa Maman Cécile. Alimweleza alichofanya Monsieur Hervé, akamwomba ruhusa, kisha akamsomea insha, sentensi moja baada ya nyingine, akiigeuza Kiswahili. Alipofika kwa mtoto aliyebaki, alitaka kuruka. Maman Cécile alimwambia asiruke.

Baada ya hapo mama yule alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. Aliuliza huyo mzungu alimjua yeye wapi. Keren alisema mzee hamjui, ametunga tu, labda amesoma magazeti.

"Donc alitunga, na akapatia," alisema Maman Cécile. "Sikia, mutoto yangu. Ile njia mimi njo niliitembeya, na miguu yangu. Mutoto mwenye alibakia kule ni wa mimi, iko na jina. Sijamupatia muntu amuweke ku karatasi ya kuombea masomo. Hata we."

"Nitaiondoa, maman."

"Uiondoe. Na useme njo we unaiondoa."

Keren alishuka kwa ngazi, ghorofa nne, ingawa lifti ilikuwa wazi mbele yake. Jioni ile ile alikiandikia chuo. Aliandika Kiingereza chake mwenyewe, chenye makosa yake, na hakumwonyesha mtu. Alisema insha waliyonayo ina mambo yasiyo kweli kuhusu maisha yake. Kwamba yaliongezwa na mtu aliyemsaidia. Kwamba yeye ndiye aliyeipeleka bila kuisoma na kosa ni lake. Hakukimbia vita. Watu waliovikimbia wapo, na hadithi zao si pambo la barua ya msichana mwingine. Aliambatanisha insha ya lifti kama alivyoiandika mwanzo, akapeleka.

Jumatano alikwenda kwa Monsieur Hervé. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini alimkuta akipanga viti, mgongo ukimuuma, na sauti ikatoka ya kawaida. Mzee hakukana. Alisema alitaka kumsaidia, kwamba hakuna ambaye angechunguza, na kwamba dunia haiwapi vijana kama Keren nafasi kwa hadithi ya lifti. Alisema ameshasaidia kumi na moja kwa njia hiyo na saba wamepokelewa.

"Hao kumi na moja walijua?" Keren aliuliza.

Monsieur Hervé alishika kiti, hakukiweka chini.

"Ulipoandika kwamba mama yangu alinibeba," Keren aliendelea, "ulikuwa unamwona nani? Mama yangu hujawahi kukutana naye. Yuko hai, anafanya kazi Jette, ungeweza kumwuliza."

Mzee alisema samahani. Keren aliamini kwamba anajuta kweli, na hilo halikumpunguzia hasira. Alichukua karatasi zake kwenye jalada la shirika, zote, akatoka.

Chuo kilijibu kwa adabu: muda wa kubadilisha maombi umepita, lakini barua yake na insha zote mbili zimewekwa kwenye faili lake. Mwezi wa nne lilikuja jibu lenyewe, mistari mitatu. Hakupokelewa. Sababu haikuandikwa. Keren alilisoma kwenye korido ya shule, akaingia chooni, akalia kipindi kizima cha kemia. Kisha alinawa uso na kuingia darasa la hesabu kabla ya mwalimu.

Nyumbani maman Sidonie hakusema "nilikuambia", ingawa kila mtu mezani alilisikia. Papa Mukendi ndiye aliyezungumza. Aliuliza kama kuna mahali pa kusomea uhandisi ambapo mtu haombwi hadithi. Keren alisema papo, hapa hapa Brussels, ila kuna mtihani wa kuingia, hesabu tupu, na wengi huanguka.

"Hesabu inaogopa nani?" baba yake aliuliza.

Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwezi wa sita, meza ya kulia ilijaa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Papa Mukendi hakuelewa nusu ya maswali lakini alishika saa. Maman Cécile alimtumia sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, za kukaanga na hakuuliza habari za Uholanzi. Kuna Jumapili Keren hakwenda kanisani, mama yake akawaambia waulizaji, kwa ukali kidogo, kwamba binti yake yuko na kazi.

Mtihani ulifanyika mwanzoni mwa Julai katika ukumbi mkubwa wenye joto. Juu ya karatasi palikuwa na nafasi ya jina na namba, na chini yake maswali. Hakuna aliyetaka kujua ametoka wapi. Swali la tatu la jiometria lilimshinda, akaliacha, akarudi, likamshinda tena. Mengine aliyapiga moja moja kama mtu anayelipiza.

Orodha ilitoka kwenye tovuti siku tisa baadaye, asubuhi. Jina lake lilikuwamo. Baba yake alikuwa juu ya mnara fulani, simu imezimwa, kwa hiyo Keren alipanda tramu namba tisa kwenye kituo cha Simonis hadi hospitali ya Jette, akasimama kwenye mlango wa wafanyakazi mpaka zamu ilipobadilishwa. Maman Sidonie alitoka na mwenzake wa kazi. Alimwona binti yake, akasimama ghafla akidhani kuna msiba.

Keren alimwambia. Mama yake alimshika mashavu kwa mikono miwili, kisha akamgeukia mwenzake.

"Huyu ni mutoto yangu. Iko ingénieur."

"Bado si mhandisi, maman. Nimeruhusiwa kuanza tu. Ni cinq ans, miaka mitano."

"Iko ingénieur," maman Sidonie alirudia, akambebesha binti yake mfuko wake wa kazi, na wakaanza kwenda kituoni, yeye mbele.