Daktari Aliyepata Maswali Yote

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuwapima madaktari. Watu walicheka nikiwaambia hivyo, kwa sababu wananijua: mtu wa kusimama mlangoni akijiuliza kama abishe hodi mara mbili au tatu, na mkono upi utaonekana wa adabu zaidi.

Profesa aliyeniajiri, mwanamke mpole wa sauti na mkali wa kazi, alitaka kujua madaktari wa hospitali kubwa za Kampala wanafahamu kwa kiasi gani maadili ya tiba na sheria. Alikuwa ameandaa dodoso. Nani atoe ridhaa kabla ya upasuaji? Siri ya mgonjwa ilindwe vipi? Mgonjwa akikataa tiba, daktari afanye nini? Mimi nilitakiwa kuzunguka wodini, kugawa karatasi, kusubiri na kukusanya.

"Usiwafundishe, usiwakosoe, usiingilie," aliniambia. "Wewe ni kipimajoto. Umeona wapi kipimajoto kikiongea?"

Niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Nilikuwa nikiyarudia kimoyomoyo nikipanda ngazi za hospitali, na nikifika juu nilianza kuwaza: je, kukohoa ni kuingilia?

Madaktari vijana, wale waliokuwa bado katika mafunzo, walilijaza dodoso kama mtihani wa shule. Walikaa kwenye chumba cha chai cha upande wa upasuaji, kila mmoja amezuia karatasi yake kwa kiwiko huku akichungulia ya mwenzake.

"Hili la ridhaa umeandika nini?"

"Ridhaa ya mgonjwa, mjinga wewe."

"Si ya mume?"

"Ya mume ni kule wodini. Hapa andika ya mgonjwa."

Wakacheka. Nilitaka kuwaambia kwamba kila mtu ajibu peke yake, hata maelezo ya juu ya ukurasa yalisema hivyo. Nilipokuwa bado naipanga sentensi, ili isisikike kama amri, mlango ukafunguliwa na wote wakasimama.

Alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, mkuu wa wodi ile. Alinyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa dodoso. Hakuketi. Alilijaza akiwa amesimama, akitafuna karanga, akisoma kila swali kwa sauti na kulijibu hapohapo. Kila jibu lilikuwa sahihi. Pembeni mwa ukurasa aliandika hata sheria inasema nini, mahali ambapo hatukumwomba aandike.

"Wewe umesoma nini?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Sayansi ya jamii, daktari."

"Kumbe jamii ina sayansi?"

Vijana walicheka wote, hata yule aliyekuwa na chai mdomoni.

"Umekulia wapi?"

"Mbuya, daktari."

"Mbuya ya mabalozi au ya wanajeshi?"

"Ya wanajeshi. Baba alikuwa askari."

"Basi unajua Kiswahili." Alilitamka neno hilo kama mtu anayesoma majibu ya maabara. "Mimi Kiswahili nilifundishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Lala chini. Mikono juu. Toa kitambulisho. Hapo ndipo nilipohitimu."

Nikatabasamu pamoja nao. Ningefanya nini? Watu wengi wa umri wake hapa Kampala waliisikia lugha hii kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na hawajasahau. Nyumbani kwetu ilikuwa lugha ya kuitwa kula.

"Twende raundi," alisema. "Nina mgonjwa wa lugha yenu."

Mgonjwa huyo alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, mjane wa askari, mkazi wa Namuwongo karibu na reli, ambako alikuwa akikaanga mihogo na kuuza. Kilemba chake kilikuwa kimefungwa kwa uangalifu. Kisukari kilikuwa kimemla mguu wa kushoto, na harufu ya kidonda ilikufikia kabla hujamfikia yeye. Luganda alijua ya sokoni tu, Kiingereza hakujua kabisa. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kilekile cha mama yangu.

Bingwa alisimama miguuni pa kitanda, vijana wakamzunguka. Akafunua shuka kwa ncha ya kalamu. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba vidole vimeoza, damu haifiki, mguu utakatwa chini ya goti kesho asubuhi. Kisha akauliza:

"Mguu huu una faida gani?"

"Hauna, daktari," kijana mmoja akajibu.

"Unayo. Faida yake ni kuwafundisha ninyi."

Walicheka. Na yule mama, kwa kuona kila mtu anacheka, naye akacheka, akifunika mdomo kwa kiganja.

Bingwa akanigeukia. "Mwambie tutasafisha kidonda. Aweke kidole hapa."

Sista alikuwa tayari ameshika fomu ya ridhaa na kidau cha wino. Niliisoma. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti niliyotumaini kwamba vijana hawataisikia, "Lakini daktari, fomu inasema kukata."

"Najua inasema nini. Mimi ndiye niliyeiandika. Ukitaja kukata atalia, akilia yeye watalia wote, na mimi nina wodi ya kumaliza."

Mimi ni mtu wa kuwaza sana, na hapo niliwaza kwa kasi ambayo sijawahi kuwaza tena. Mkalimani si daktari. Nikisema alichosema yeye, uongo utakuwa wake. Lakini mdomo utakuwa wangu, na mama huyu atakapozinduka atakumbuka mdomo. Nikisema kingine, nimeingilia. Bingwa atampigia profesa, wodi nzima itatolewa kwenye utafiti, nami pia. Tena huenda mguu usipokatwa utamuua, na basi uongo utakuwa umemponya. Mimi ni nani nimharibie?

Mama akanivuta mkono wa blauzi.

"Mwana wangu, daktari nasema nini? Sema kwa huku. Hii sikio ingine ilikufa na bomu."

"Mama, wanataka kukata mguu. Hapa, chini ya goti. Kesho."

Mkono wake ulishuka polepole ukashika goti, kama anayehakikisha kwamba bado lipo.

"Nani aliambia yeye mimi nakubali?"

"Hakuna. Ndiyo tunakuuliza sasa."

"Tunauliza," alirudia, akaniangalia mimi, kisha vijana, kisha bingwa. Hakulia. "Sikia. Mimi sikatai. Naona vile iko, pua niko nayo. Binti yangu natoka Koboko, mbali huko mpakani, kesho kutwa nafika. Mwambie yeye angoje binti ashike mkono yangu, halafu wakate. Hiyo tu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilidhani bingwa atafoka, nikawa nimeshajiandaa kwa kufokewa. Badala yake alitabasamu na kuwageukia vijana, kama mwalimu aliyepata mfano mzuri.

"Mgonjwa mzima mwenye akili timamu, baada ya kuelezwa, ana haki gani?"

"Ya kukataa tiba, daktari."

"Vizuri. Nani alikosa swali hilo pale chumba cha chai?"

"Hajakataa, daktari," nikasema. "Ameomba kungoja."

"Dodoso lako lina kisanduku cha kungoja?"

Halikuwa nacho. Nililijua dodoso lile kwa moyo, na bado nililipitia kichwani swali kwa swali nikitafuta.

"Kuna kukubali na kuna kukataa," alisema. "Nilitia alama mbele yako. Sasa wewe, binti wa kambi, umempa mgonjwa wangu haki zake, na mimi ni nani nizivunje? Sista, huyu mama Afande amekataa tiba. Lete fomu ya kukataa, aweke kidole, aende nyumbani. Yule wa kwenye mkeka apate kitanda." Akachomeka kalamu mfukoni. "Mtafsirie. Mwambie sheria inamlinda."

Raundi ikasogea kitanda kinachofuata. Nilibaki na sista, ambaye alikuwa akiangalia wino wake. Nilimweleza mama maneno yote, pamoja na lile la sheria. Nilimwambia pia kwamba anaweza bado kukubali, kwamba akikubali sasa hivi huenda nikamkimbilia daktari.

"Sasa hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Bwana yangu alipokufa, nyumba ilikuwa ya jeshi. Hata jeshi ilitupa siku ya kufunga vitu." Akamnyooshea sista kidole gumba. "Leta hiyo karatasi."

Mwanamke aliyekuwa amelala kwenye mkeka, kati ya vitanda viwili, aliinuliwa akawekwa pale kabla shuka halijapoa. Aligeukia ukutani ili asituone. Sikuweza kumlaumu.

Tuliketi kwenye baraza la nje tukimsubiri jirani yake mwenye pikipiki. Nilikuwa nikitetemeka mpaka benchi likasikika.

"Wewe natetemeka nini?" alisema mama. "Mguu ni yangu."

Nilijaribu kucheka, nikashindwa.

"Ungeongopa kidogo," aliendelea, "sasa hivi niko kwa kitanda."

"Ungependa ningekudanganya, mama?"

"Hapana. Hiyo ni swali ya watu ya chuo. Mimi nasema tu vile iko."

Jirani alipofika, tulimpandisha kwa upande, mguu ukiwa umefungwa kwa mfuko wa plastiki ili vumbi lisiingie. Aliniaga kwa kidole kilichokuwa bado na wino.

Nilimpigia profesa kabla bingwa hajampigia. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuambia usiingilie."

"Ndiyo, profesa."

"Kwenye dodoso, swali la kukataa tiba bingwa alijibuje?"

"Sahihi."

"Na la ridhaa?"

"Sahihi."

"Basi weka sahihi."

Nikaweka. Katika madaktari wote wa hospitali ile, ni bingwa yule peke yake aliyepata maswali yote. Siku ya kutangaza matokeo alikaribishwa mbele, akazungumza vizuri sana juu ya uhuru wa mgonjwa, na wakati wa chai alinishika bega mbele ya wageni. "Huyu ni mkalimani wangu," aliwaambia. "Hodari mno." Nilisema asante. Nimeshajiuliza mara nyingi kwa nini nilisema asante, na jibu ninalolipata kila mara ni kwamba nilikuwa na kikombe mkononi.

Namuwongo nilikwenda baadaye, kazi ilipokwisha. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikipanga kwenda na kughairi, nikiogopa nitakachokuta, na nikiogopa pia kuonekana nimekwenda kujitakasa. Nilimkuta amekaa nje ya chumba chake, karibu na reli, kwenye kigoda mbele ya karai la mafuta. Kitenge kilifunika mapaja. Upande wa kushoto kilikuwa kimelala bapa kuanzia juu ya goti.

Binti yake, mwanamke wa umri wangu, alikuwa akimenya mihogo. Ndiye aliyenieleza, bila kuinua macho. Alifika kutoka Koboko siku ileile aliyoahidi. Wakarudi hospitali, wakaambiwa mgonjwa huyu alikataa tiba, kidole chake hiki hapa. Wakazunguka. Walipopata hospitali nyingine ya kuwapokea, uozo ulikuwa umepanda.

"Ni wewe uliyemwambia?" aliniuliza.

"Ni mimi."

Akasimama, akachukua sahani ya mihogo niliyokuwa nimepewa, nikiwa nimekula kipande kimoja, akaimwaga tena kwenye ungo wa wateja.

"Wewe! Rudishia mgeni chakula yake," mama alisema.

"Ameshiba," binti akajibu, akaingia ndani.

Tulibaki wawili. Mafuta yalikuwa yakitokota. Nilitafuta neno la kusema, nikapata moja tu ambalo kweli nilitaka kulijua.

"Mkono alikushika, mama?"

"Alishika. Mpaka ile usingizi ya sindano ikanichukua." Akageuza mihogo, kipande kimoja kimoja, akisubiri kila kimoja kiwe chekundu. "Hiyo nashukuru. Lakini goti yangu, mwana wangu, mimi nataka bado."