Ghala la Masasi na Lori la Maji

Kaka yangu alipomaliza kujifunza ufundi wa magari, kazi mbili zilimwita kwa pamoja, na nyumba yetu ya Newala ikakosa raha. Ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la kampuni ya kununua korosho na karanga kule Masasi, kampuni kongwe kuliko meno ya mwalimu wetu mkuu. Huko unapewa sare ya kaki, chumba cha bati, na mshahara kila mwisho wa mwezi hata mvua ikikataa kunyesha. Ya pili ilikuwa ya rafiki zake wawili walionunua lori kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, wakitaka kupandisha maji kutoka bondeni na kuyauza kwetu huku juu mlimani, kusiko na visima. Nao walijiita kampuni. Mali ya kampuni ilikuwa lori, mapipa na maneno mengi.

Kaka alilitaka lori. Lakini kwetu mwenye neno ni mjomba, na mjomba ndiye aliyemwombea ile nafasi kwa nyapara wa ghala. Akapanda mlima na baiskeli yake kutoka kijijini kwake Chiungutwa kuja kumchukua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwetu, maana miaka yote mama ndiye aliyeshuka kumsalimia.

Alifika mchana, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, na papo hapo akaanza kumsomea kaka mashtaka. Kazi ya ghala ina mizizi, alisema, na hilo lori likifa mtalizika wapi? Kaka akatazama vidole vyake vya miguu. Mimi nilicheka nikajifanya nakohoa, maana swali lilikuwa zuri.

Mama akaweka ndoo ya maji barazani mgeni anawe. Mgeni anayejua Newala huchota kwa kata, akalowesha mikono, akapitisha usoni, basi. Yanayobaki ni ya chakula. Mjomba kwake kisima kiko karibu na mlango. Alinawa uso, shingo na kwapa, akasukutua, kisha akainyanyua ndoo akaimimina yote miguuni, kulia na kushoto, huku akiendelea kuisifu kampuni. Ardhi ikanywa. Mgeni hasimangwi maji. Mama alichukua ndoo tupu na ngata yake ya kichwani, akashika njia ya mteremko.

Mjomba akauliza dada yake anakwenda wapi na jua lile.

Babu hutaniwa, mjomba hataniwi. Lakini mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Bondeni, mjomba. Alitoka alfajiri, akarudi jua limeshapanda. Safari yote hiyo umenawia miguu."

Kaka alifumba macho. Mimi nilikwishaandaa shavu. Kofi halikuja, na mpaka leo namshukuru mjomba kwa kofi lile asilonipiga. Aliitazama miguu yake safi kama miguu ya mtu mwingine, kisha akainuka akamfuata mama.

Walirudi jioni. Ndoo ilikuwa begani kwa mjomba, nusu ya maji iko shatini, na wanawake njiani walikuwa wamemcheka mpaka wakachoka. Aliitua ndoo barazani, akihema. Ndipo akamwita kaka.

"Masasi nitakwenda mwenyewe kumwambia nyapara asikungoje. Wewe nenda kwa wenzako wa kamba. Likifa, lifufue."

Lilikufa mara nyingi, na kaka alilifufua. Siku hizi nakwenda shule nimeoga, jambo ambalo walimu wanalishukuru kuliko mimi. Ila asubuhi ninayoishukuru zaidi ni ile iliyofuata baada ya kushushiwa pipa letu la kwanza. Jua liliingia hadi mlangoni na mama hajaamka. Tukanyata hadi chumbani kwake, tukidhani anaumwa, tukasikiliza. Alikuwa anakoroma.