Mwosha Dhahabu wa Osiri

Kila asubuhi hapa kwenye machimbo ya Osiri, msimamizi wa shimo hutuuliza sisi wanawake mbele ya wanaume: "Nani ako kwa siku zake?" Anaamini damu yetu hufukuza dhahabu. Anayekubali anarudishwa nyumbani, kana kwamba ameiba. Mwenzangu wa kuosha mchanga kwa karai, mama mwenye sauti nzito na vidole vilivyokunjamana kwa maji, alikuwa akikubali kila mwezi, kwa sababu kitambaa kingevuja na kumwaibisha kabla ya saa sita. Mwezi huu nilimpa kikombe cha hedhi, kipya, kimeshachemshwa. Tulifika mapema, akaingia nyuma ya mabati. Kilimfungukia mkononi kabla hakijaingia, nikamsikia akikitukana kwa Kijaluo. "Kikunje tena, nyaminwa, dada yangu," nikamwambia. "Chuchumaa, usijikaze." Alitoka akitembea kwa uangalifu, halafu akasimama, akaruka mara moja, akanitazama kwa mshangao.

Msimamizi alipouliza, mwenzangu hakukubali. Aliosha mchanga siku nzima, akizungusha karai polepole, akimwaga, akichota tena, mpaka jioni chembe za manjano zikabaki chini. Msimamizi alizipokea akicheka.

"Mama, leo mkono wako una baraka!"

"Niko kwa siku zangu tangu jana usiku," akasema, shimo zima likisikia. "Kama damu yangu imeharibu hiyo dhahabu, itupe."

Msimamizi aliacha kucheka. Akatutazama, akatazama kiganja chake, kisha akakifumba kwa nguvu.