Lakabu Nilizozifuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika shirika moja la misaada mjini Garissa. Seva yetu ilihifadhi kurasa za watu waliopoteana vitani, kila mtu na ukurasa wake, na habari zake kama zimepatikana. Ndugu zao walioko ng'ambo walizisoma kwa wingi hata seva ikawa inakwama kila asubuhi. Mkubwa wangu akaniagiza niweke kompyuta nyingine mbele yake, ile tunayoiita proksi. Kazi yake ni kumpokea kila anayeuliza, kumletea ukurasa kutoka seva iliyo nyuma, kisha kubaki na nakala, ili anayefuata apewe nakala na seva ipumzike. Nilijiona bingwa.

Sasa, sisi Wasomali tuna majina matatu: lako, la baba, la babu. Na kwa kuwa majina yenyewe ni yale yale, kila mtu hupewa lakabu, na lakabu zetu hazimwonei mtu haya. Ukichechemea, wewe ni Kiguru mpaka kaburini, wala hukasiriki. Karani wetu alizichapa zote. Wageni wa Nairobi walipokuja kukagua kazi, walisoma Makengeza, Kiguru, Masikio, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka nao. Hilo linaniuma hadi leo, kwamba nilicheka, na baba yangu mwenyewe anaitwa Pengo.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiipangia proksi sheria zake, nikaongeza moja ya kwangu: iangalie majina matatu tu, lakabu iitupe, kwenye ombi na kwenye ukurasa pia. Hakuna aliyeniagiza. Niliona ninatusitiri.

Basi akaja mama mmoja kutoka Kutulo, juu ya lori la mbuzi, kumuulizia mwanawe. Nikaandika majina, ukurasa ukaja papo hapo: yu hai, yuko Mombasa, anapakia mizigo. Nikamsomea kwa Kisomali.

"Ni yule wa masikio, hooyo?" akauliza. Hooyo ni mama, na ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto.

"Eeddo, majina ni haya matatu," nikamwambia. Nilimwita shangazi kwa heshima, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayesumbuliwa. "Kompyuta haijui mambo ya masikio."

Akamshukuru Mungu. Alipofika kwao akachinja mbuzi, akalisha majirani, akamtuma kaka yake Mombasa. Kaka huyo alimkuta kijana mwema kabisa, mwenye majina yote matatu, anayechechemea.

Walirudi ofisini pamoja, mama na kaka yake, chumba kimejaa watu wanaosubiri. Mama hakugomba. Laiti angegomba. Kaka ndiye aliyesema, "Huyo si wetu. Wetu hachechemei."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kiguru aliulizwa kwanza, nakala yake ikabaki mbele, na kila aliyemuulizia Masikio akapewa Kiguru. Nikaipita proksi, nikaenda kwenye seva yenyewe. Kurasa mbili zilikuwapo, zenye majina yale yale matatu, kila mmoja na lakabu yake, kama karani alivyozichapa. Ule wa pili ulisema kijana alikufa kwa homa huko Elwak, akazikwa huko huko, kabla hata mama hajapanda lile lori.

Uso uliniwaka kwa aibu. Nikaanza kumsomea kwa sauti ya chini, majina matatu, nikakimbilia habari yenyewe ili niimalize upesi. Mama akaweka kiganja juu ya meza.

"Soma lote, hooyo," akasema. "Safari hii usimpunguze."

Nikaanza upya, kwa sauti, chumba kizima kikisikia: jina lake, la baba yake, la babu yake, Masikio.

"Ndiye," akasema, akavuta mtandio wake akajifunika uso.