Gunia la Saba

Harufu ya gunia jipya la katani ikinipata popote, hata sokoni Tunduma kwenye kelele za wanunuzi, hasira yangu ya darasa la sita inapanda upya. Mtanisamehe. Msiponisamehe, shauri yenu.

Tulikuwa Itaka, msimu wa mahindi. Madamu Neema, mwalimu wetu wa hisabati, hakupenda kutukaririsha kanuni. Alileta swali la majumbani kwetu, akatuacha tugombane nalo. Siku hiyo aliuliza: mama amevuna debe arobaini na mbili, atajaza magunia mangapi?

Nikaandika sita ubaoni. Mwalimu mkuu, aliyefuata kelele zetu, akacheka. Kitabu kilisema gunia ni debe sita, kwa hiyo jibu ni saba.

"Futa."

"Sifuti, mwalimu," nikasema. "Gunia la kwetu linaingia debe saba. Kitabu hakijafika Itaka."

Darasa likalipuka. Wote tuliijua lumbesa: mnunuzi anajaza gunia hadi mdomoni, anaongeza kilemba juu, anashona kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Tulidhani magunia yote duniani yana kilemba.

Mwalimu mkuu akaapa kumnyang'anya Madamu kipindi. Madamu akatugeukia sisi. "Hesabu zote mbili ni sahihi. Sasa niambieni, hilo gunia moja limeenda wapi?"

 Nikakumbuka: jioni ile baba alikuwa anauza mahindi.

Nilikimbia. Mnunuzi alikuwa uani tayari, sindano ya kushonea mkononi. Nikasema yote mbele yake, nikingoja kofi. Mtoto wa kike kuingilia mauzo ya wakubwa, weee!

"Mzee, unasikiliza mtoto?"

"Hebu rudia, mwanangu," baba akasema. Nikachora magunia mavumbini. Akayahesabu kwa kidole, akamgeukia mnunuzi. "Toa kilemba."

Mnunuzi akaondoka bila mahindi. Tulikula majani ya maboga bila mafuta mpaka akapatikana mwingine. Madamu naye alinyang'anywa kipindi kweli.

Utotoni niliamini mwalimu mkuu alikuwa anatetea kitabu. Sasa mimi mwenyewe nafundisha hisabati, ndipo nimeelewa: kitabu kilikuwa sahihi, ila yeye hakutaka tuulize kwa nini nyumbani hakifuatwi. Kanuni ya kukariri inabaki daftarini. Swali linarudi na mtoto nyumbani, na huko kuna watu wanaoliogopa.

Nami naambiwa niache maswali ya uani, nikaririshe, mtihani umekaribia. Siachi ng'o.