Nyuki Asiye na Mzigo

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini sisi pale Kayole hatukuwa na shamba, na mjomba wangu, kaka yake mama, alikaa miezi minne. Alikuja kutoka magharibi baada ya kuachishwa ualimu kwa kukosa cheti. Akapewa godoro langu, mimi nikalala sakafuni juu ya gunia. Nilimchukia kwa sababu ya godoro hilo, na sitajifanya sasa eti nilikuwa mtoto mwema.

Kila asubuhi alikwenda kusimama kwenye malango ya viwanda akitafuta kibarua. Saa sita alikuwa amerudi, viatu vimejaa vumbi, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alinifundisha. Nyuma ya ploti yetu mafundi walichimba msingi wakauacha, na ukingo wake wa udongo ulijaa vishimo. Kila kishimo kilikuwa na nyuki jike aliyeishi peke yake, bila mzinga. Tulimwona akiingia, miguu ya nyuma imejaa chavua ya manjano, chakula cha mtoto atakayezaliwa.

"Sasa mwangalie yule, mama," mjomba alisema. Ndivyo alivyoniita, mama. Nyuki mwingine alikuwa ametua kwenye jani, mweusi mwenye madoa ya buluu, mrembo kuwashinda wote. Hakuwa na chavua hata chembe. Mwenye nyumba alipotoka, yeye akaingia, akatoka haraka.

"Ametaga humo. Huyo ni mdoezi. Buu lake litatoka na meno kama mundu, liue mtoto wa mwenye nyumba, kisha limalize akiba yote. Na mama wa watu ataendelea kuchimba tu. Hatajua."

Alijua kueleza. Sijapata mwalimu wa kumfikia, na nimesoma hadi chuo.

Jumapili moja mama alichinja kuku, wa kwanza tangu Krismasi. Miezi minne au la, mjomba bado alikuwa mgeni, akapewa paja. Mimi nikapata shingo. Nikasema kwa sauti, mbele ya baba, "Mjomba ni kama wale nyuki wadoezi. Haleti kitu nyumbani, na anakula chakula cha watoto wa wenyewe."

Mama alinizaba kofi. Baba, ambaye miezi yote hiyo hakuwa amelalamika hata mara moja, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, na nadhani kilimtoka tu. Mjomba alikisikia. Alichukua lile paja, hajaliuma, akaliweka kwenye sahani yangu.

"Kumi juu ya kumi, mama," alisema. "Umeelewa somo."

Kesho yake alitoka asubuhi kama kawaida. Saa sita hakurudi, wala jioni.

Mama alimtafuta wiki tatu kwa miguu, akiuliza watu wa kwao. Alimpata Dandora, kwenye jaa la taka, akichambua plastiki na mifupa ya kuuza. Mikono ilikuwa imemchanika. Mama alimsihi mpaka akapiga magoti kwenye uchafu ule, naye akakataa kurudi. Alimpa pakiti ya sukari alete nyumbani. "Mwambie mama nimenunua mwenyewe," alisema, akimaanisha mimi.

Jioni hiyo mama alichemsha chai, akanitilia vijiko vitatu vya sukari ile, akasimama mbele yangu.

"Kunywa."

Nilikunywa nikilia. Nilipomaliza, akanijazia tena.